Gitaa la Kuchomelea

Gitaa ninalotaka kulisimulia lina uzito wa kilo tano na nusu. Tulilipima kwenye mizani ya mama wa nyanya pale nje ya geti, naye akatuuliza tunauza kilo shilingi ngapi. Mlinzi wa hosteli alilimulika kwa tochi usiku wa kwanza, akaligonga kwa rungu, likalia ngaaa, akasema, "Hili mkipigana nalo mtauana." Tulicheka sana. Siku hizi maneno yale siyacheki.

Wengi wenu habari mnayo tayari, ila kwa upande mmoja: kuna jamaa wa Mekanika alichomelea gitaa la chuma, likamnasa rumeti wake kwa umeme mbele ya ukumbi mzima. Ni kweli. Lakini kuna kipande kimebaki, na mwenye nacho ni mimi.

Ilianza na masika. Dari la chumba chetu lilikuwa linavuja, na tone likachagua kudondokea juu ya gitaa la rumeti, gitaa la umeme la mtumba alilonunua kwa bumu la semista ya kwanza. Bodi yake ilikuwa plaiwudi. Plaiwudi ikinywa maji wiki nzima inavimba kama andazi, halafu inaachana tabaka kwa tabaka. Jumamosi akakaza nyuzi apige, skrubu nne zinazoshika shingo zikang'oka na mbao zake. Shingo yenyewe ilikuwa nzima. Pikapu pia zilikuwa nzima (siyo zile za kubebea mkaa, nazungumzia sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, ambazo uzi wa chuma ukitetemeka juu yake zinazaa umeme kidogo, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya). Kilichokufa ni bodi tu.

"Bodi tu?" nikasema. "Hiyo si kazi. Nitakuchomelea ya chuma."

Niliyasema hayo kantini, mbele ya watu sita, na wawili kati yao nilitaka sana wanisikie. Nilikuwa mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo. Nilikuwa nimechora michoro ya kuchomelea na kujibu maswali ya kuchomelea. Mashine yenyewe nilikuwa nimeishika dakika kumi labda, kwenye mafunzo ya karakana ya mwaka wa kwanza, tukiwa wanane kwa mashine moja.

Jamaa walinibishia kwamba gitaa la chuma halipo duniani, nikaingia mtandaoni usiku huohuo kutafuta silaha. Kumbe lipo tangu zamani. Gitaa la kwanza la umeme kufanikiwa madukani, mwaka 1932 kule Los Angeles, lilikuwa la alumini ya kumimina kwenye kalibu. Lilibuniwa na George Beauchamp na kutengenezwa na kampuni aliyoianzisha pamoja na Adolph Rickenbacker, na kwa umbo lake watu wakaliita kikaango. Kasoro yake ilikuwa hiyohiyo alumini: taa za jukwaani zikilipasha joto linatanuka, sauti inahama. Kabla ya hapo, mwaka 1927, kampuni ya National ilishaanza kuuza magitaa yasiyo ya umeme yenye bodi ya chuma, ili yasikike juu ya kelele za bendi. Na hapa jirani, Kinshasa, kundi la Konono N°1 lilijulikana dunia nzima kwa likembe zilizofungwa vinasa sauti vya kujitengenezea, sumaku zake zikitoka kwenye vyuma chakavu vya magari. Huyo wa mwisho ndiye aliyewanyamazisha wabishi. Ukiwatajia Wamarekani wanakuangalia tu. Ukiwatajia Kinshasa wanakubali.

Kuhusu hesabu sitawachosha. Bodi ya gitaa la umeme kazi yake kubwa ni kushika vitu viwili visisogee: shingo upande mmoja na briji upande wa pili. Urefu wa uzi kwenye shingo ile ulikuwa milimita 648, na freti ya kumi na mbili lazima ikae katikati kabisa, milimita 324. Kwa hiyo unapima kutoka juu mpaka freti ya kumi na mbili, unazidisha kwa mbili, hapo ndipo briji inakaa, na nyuzi nene unaziongezea milimita mbili tatu. Ukikosea hapo gitaa halitapatana na nafsi yake maisha yake yote. Halafu nyuzi sita zikikazwa zinavuta kwa pamoja kama mzigo wa kilo 45 hivi. Ndiyo maana nikapanga kuweka uti wa mgongo: skwea paipu ya milimita 40 kwa 40 kutoka shingo mpaka briji, halafu mbele na nyuma mabamba ya milimita moja na nusu. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri sana. Niliichora kwa programu nikaipiga rangi.

Fundi niliyemfuata yuko barabara ya nyuma ya chuo, anatengeneza mageti na madirisha. Nilimwamkia, nikamtandazia mchoro. Aliutazama muda mrefu, akaugeuza juu chini, akaniuliza, "Hili dirisha linafungukia wapi?"

Nilipomweleza hakucheka. Akasema skwea paipu anazo za mabaki, pleti nikanunue Gerezani, na nikitaka kuchomelea mwenyewe nije saa kumi jioni wateja wakipungua, nilipie rodi na umeme. Hivyo nikawa naenda, karibu wiki sita, na begi la madesa mgongoni kwa sababu UE zilikuwa zinakuja.

Bamba la milimita moja na nusu kwa rodi ya milimita mbili na nusu ni mtihani. Ukitulia sekunde moja zaidi limetoboka. Wiki ya kwanza nilitoboa mabaki yote ya fundi mpaka yakafanana na chujio la nazi. Wiki ya pili nikaweza kushika mstari. Wiki ya tatu nikajiona fundi, nikafanya kosa ambalo nilishalijibia mtihani nikapata alama zote.

Fundi alikuwa ameniambia nipige taki: kanukta hapa, kanukta upande wa pili, kanukta huku chini, nisubiri, ndipo nianze kujaza kidogokidogo kwa kurukaruka. Siku hiyo alikuwa ametoka kwenda kupima geti la mtu. Rumeti alikuja kuangalia, kaja na wenzake, na wale wawili wa kantini wakiwemo. Nikashusha kinyago, nikapiga mstari mmoja mrefu kutoka shingo mpaka chini bila kuinua mkono. Cheche kama fataki, watu wanapiga picha. Ulikuwa mstari mzuri kuliko yote niliyowahi kupiga. Chuma kilipopoa bodi ilikuwa imejikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Tuliweka rula: katikati nafasi ya milimita nne.

Ukikipasha chuma joto la nyuzi 100, meta moja inarefuka karibu milimita 1.2, penye kuchomelea joto linapita 1,000, na palipo pembeni hapajapata moto kabisa. Kwa hiyo pale penye moto panataka kutanuka panazuiwa, panajikunyata, na pakipoa panavuta kila kitu kuelekea kwao. Nayajua haya. Niliyaandika kwenye karatasi ya mtihani na mchoro wa mishale. Fundi aliporudi alikagua ile bodi kwa jicho moja kama mtu anayelenga bunduki, akasema, "Chuma kinamfuata aliyekichoma mwisho." Kisha akachukua grainda akaukata mstari wangu wote. Sikusema neno.

Usiku ule macho yalijaa mchanga. Mwanga wa kuchomelea unaunguza macho kama jua linavyounguza ngozi, na mimi nilikuwa nainua kinyago mapema ili nione sifa zangu. Rumeti aliniwekea vipande vya viazi kwenye kope, akakaa kitandani ananisomea madesa kwa sauti mpaka saa nane, kwa sababu asubuhi nilikuwa na testi na kuona sioni. Nataka hilo likumbukwe.

Bodi ya pili ilinyooka. Tuliipiga msasa, tukaiacha mistari ionekane, na badala ya vanishi tukapaka mafuta tu kwa sababu mwenyewe alitaka chuma kionekane kitupu. Ndani ilikuwa tupu na inalia kama sufuria kila ukiigusa, tukaijaza vipande vya godoro. Matundu ya pikapu niliyakata makubwa nikazikalisha kwenye kipande cha dumu la plastiki, zisikae karibu mno na bamba, maana chuma kinachezea sumaku. Mwisho nikauchomea kwa risasi waya mmoja mweusi kutoka kwenye jeki mpaka kwenye bodi. Waya huo karibu kila gitaa la umeme linao, hata la mbao, ila kwa kawaida unaishia kwenye briji na nyuzi. Kazi yake ni kuzuia ule mvumo wa mmmm unaosikika usipogusa nyuzi. Kwangu ulifanya gitaa zima, kilo tano na nusu, kuwa kitu kimoja na boksi la amplifaya. Ukaleta ukimya wa ajabu. Boksi la chuma linazuia kelele za umeme zisiingie kwenye pikapu, na rumeti alipoacha kupiga ilikuwa kama mtu amefunga mlango.

Sauti yenyewe? Kwa kweli haikuwa tofauti sana kama nilivyotangaza. Ilikuwa kali kidogo juu, labda. Nyuzi ni zilezile na pikapu ni zilezile. Lakini vidole vya rumeti vilibadilika. Alikuwa anapiga solo kwa aibu, sasa akawa anasimama.

Usiku wenyewe mnaukumbuka, ule wa kuwaaga wa mwaka wa mwisho. Amplifaya iliazimwa kwa mtu ambaye naye aliazima. Plagi yake ilikuwa ya miguu miwili, mtu alishaukata waya wa ethi zamani na kuufungia selotepu. Ekstensheni ilitoka ukutani upande wa kushoto. Maiki na spika kubwa zilikuwa za watu wengine, soketi nyingine, upande wa kulia.

Saa moja kabla, ukumbi ukiwa haujajaa, mimi ndiye niliyelijaribu gitaa. Nimevaa kandambili, jukwaa la mbao kavu. Nikakumbatia bodi, na chini ya mkono, pale ngozi inapogusa chuma, nikasikia mtetemo. Siyo kupigwa, hapana. Kama unapitisha kidole kwenye jokofu bovu, kile kitu kama vumbi linalotembea. Nilijua ni nini. Hakuna mwanafunzi wa uhandisi asiyejua ni nini. Nikaangalia saa, nikaangalia watu wanaingia, nikamwangalia rumeti amevaa shati jipya, nikasema moyoni ni kidogo tu. Nikamvalisha mkanda wa gitaa shingoni kwa mikono yangu.

Alipiga nyimbo mbili vizuri kabisa. Baadaye aliniambia alisikia sisimizi kwenye vidole, akadhani ni woga. Wimbo wa tatu alitakiwa kuimba. Akasogea, midomo ikagusa wavu wa maiki.

Sitaki kuieleza kwa mapambo. Cheche ndogo, mlio, na yeye akakakamaa. Watu walidhani ni staili, wakashangilia. Umeme wa miliampia kumi hadi ishirini tu unatosha kuikaza misuli ya mkono usiweze kuachia, na yeye hakuwa ameshika kitu cha kuachia, alikuwa amevikwa. Chuma kilikuwa kifuani kwake na maiki mdomoni. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza aliyekuwa anauza maji pale kushoto ndiye aliyeelewa. Aliivuta ekstensheni ukutani kwa nguvu mpaka soketi ikatoka na plasta. Rumeti akaanguka chali, gitaa juu yake. Mimi nilikuwa karibu kuliko yeye na nilikuwa bado nimesimama.

Alipumua mwenyewe. Walimpeleka hospitali, wakampima moyo, wakamlaza mpaka kesho yake jioni. Mdomo wa chini ulikuwa na kidonda kama cha sigara na mbavu zimechubuka.

Kesho yake mimi na jamaa mmoja wa Umeme tulifungua ile amplifaya. Waya wa moto ulikuwa umechomoka kwenye swichi na kulalia boksi la chuma. Mita, kutoka bodi ya gitaa mpaka ethi ya ukutani, ilisoma volti 228, yaani umeme wote wa soketi. Ethi ingekuwepo, waya ule ungegusa boksi tu na fyuzi ingekatika palepale. Na asidhani mtu kwamba swichi kubwa ya ukumbini ingemwokoa: ile inakata ampia zikizidi kumi na kadhaa, inalinda nyaya zisiungue, na mwili wa mtu hauhitaji hata sehemu ya mia ya hizo. Ipo swichi nyingine inayokata umeme ukivuja miliampia 30, na ukumbi ule haikuwepo. Nilisoma pia kuhusu Leslie Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, aliyefariki jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa kugusa maiki isiyo na ethi huku ameshika gitaa, na Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, aliyefia nyumbani kwake mwaka 1976 akipiga gitaa la umeme. Ni nyaya zilezile. Magitaa ya mbao nayo yanaua, kupitia nyuzi. La kwangu lilikuwa na eneo kubwa zaidi la kukushika, basi.

Kwa wiki nzima chuo kilikuwa kinabishana ni kosa la nani. Gitaa la chuma, wengine wakasema. Mwenye amplifaya, wakasema wengine. Kamati. Mimi nikawa naeleza kitaalamu, nachora kwenye daftari, na kila aliyeuona mchoro wangu alikubali kwamba kosa ni la ethi. Ulikuwa mchoro sahihi. Sikuchora saa moja kabla.

Nilikwenda kwa fundi kumlipa deni la rodi, nikamsimulia. Aliacha kazi. Akanionyesha kwa nyundo kile kibano cha ethi cha mashine yake. "Wiki sita umekaa hapa," akasema. "Kila siku ukifika, mimi naanza na nini?" Nikakumbuka. Kila jioni kabla ya kuniwashia mashine alikuwa anapitisha mkono kwenye kebo yote, anatazama viungo, anavuta kibano, ndipo anawasha. Nilidhani ananichelewesha.

Nilimwambia rumeti siku ya tisa. Alikuwa anakunywa uji kwa mrija kwa sababu ya mdomo. Akaniuliza swali moja tu, "Uliusikia?" Nikasema niliusikia. Akamaliza uji, akakunja godoro, akahamia kwa jamaa wa Bloku ya jirani. Wiki mbili na siku tatu. Gitaa liliachwa kitandani kwake juu ya chaga, na mimi nikawa nalala nikilitazama.

Aliporudi hakusema amesamehe, wala sikuuliza. Alisema dari la kule linavuja zaidi. Sasa anatumia kifaa cha kurusha sauti hewani alichoazima kwaya ya kanisani kwao, kadude kanakochomekwa kwenye jeki, kwa hiyo hakuna waya wowote kati ya gitaa na amplifaya. Betri zikiisha na ikabidi kutumia waya, anapima kwanza.

Ijumaa iliyopita betri ziliisha. Tulikuwa kwenye mazoezi, maiki imewashwa, wenzake wanasubiri. Alitoa testa mfukoni, akaigusisha kwenye nyuzi, kisha kwenye chuma, kisha kwenye wavu wa maiki. Haikuwaka popote. Akavua mkanda shingoni, akaniita, akaninyooshea gitaa.

"Shika wewe kwanza," akasema. "Na maiki."

Nikashika.